Jumapili kumi na tatu na boksi la kazi za mikono

Mimi ni fundi seremala. Karakana yangu iko Moshi, na Jumapili asubuhi nafundisha watoto wa miaka minne hadi saba katika mtaa mmoja wa usharika wetu wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Natanguliza hayo ili msomaji ajue anayelipima boksi hili ni nani: mtu anayeshika msumeno na gundi siku sita za wiki, na anayeamini kwamba mtoto anaweza kumcha Mungu kabla hajajua kusoma. Mkiona nakaa sana kwenye habari ya mikasi, ndiyo kazi yangu.

Boksi nililinunua mwezi wa pili kwenye duka la vitabu vya dini, shilingi 38,000. Waliolitengeneza nimeshawaandikia wenyewe haya yote, kwa hiyo jina lao siliweki hapa. Walimu wenzangu mtalitambua kwa picha ya juu: mtoto amepiga magoti mbele ya kijiti kinachowaka moto. Pembeni pameandikwa kwamba ni masomo 12 ya kuwafundisha watoto wadogo kicho kwa Mungu kwa kazi za mikono, na vifaa vinatosha watoto 10. Sisi tuna watoto 26. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza nilijua kwamba boksi litakuwa kama chachu tu, unga itabidi tuutafute wenyewe.

Kilichonifanya nitoe hela ni neno hilo, kicho. Watoto wetu wengi wanafika shule ya Jumapili wakiwa wameshafundishwa Mungu kama mgambo wa sokoni. "Acha hiyo, Mungu atakuchapa." "Danganya tu, Mungu anakuona." Mtoto wa miaka minne akiambiwa hivyo asubuhi na jioni, jina la Mungu linamfanya ageuke kuangalia nyuma. Hiyo ni hofu, na hofu haihitaji mwalimu. Kiswahili chenyewe kimetutenganishia: anayeogopa anakimbia, anayemcha anasogea, ila anasogea taratibu. Ninaliona jambo hili karakanani kila ninapopokea kijana wa kujifunza kazi. Anayeuogopa msumeno wa umeme hausogelei, na hajifunzi. Anayeudharau unamkata. Anayeuheshimu anasimama kwanza, anauangalia, anavuta pumzi, halafu ndipo anaushika. Mithali inaposema kumcha BWANA ni chanzo cha maarifa, mimi picha inayonijia ni ya kijana yule aliyesimama.

Basi kila somo la boksi nililipima kwa swali moja: kazi hii inaupunguza mwendo wa mtoto au inauharakisha?

Somo la kwanza ni la Musa. Mwongozo unasema "kichaka", Biblia yetu ya Union inasema "kijiti". Mtoto wa hapa ukimwambia kijiti anafikiria cha kuchokolea meno, kwa hiyo naelewa kwa nini walibadilisha. Lakini neno hilo watalisikia madhabahuni maisha yao yote, nikaona heri niwaeleze mapema: kijiti cha Musa ni mti mdogo wa jangwani, unaokufika kifuani hivi. Wakaelewa mara moja. Vifaa vya somo ni karatasi ya manila ya kijani na miali ya moto myekundu na ya njano iliyokwisha kukatwa kiwandani. Unapaka gundi, unabandika, basi. Watoto walimaliza kwa dakika sita. Dakika ya saba wawili walikuwa wanagombania mwali uliobaki, na mwingine amejibandika mmoja kwenye paji la uso. Moto ule ambao Musa aliuona akageuka kando autazame, sisi tulikuwa tumeumaliza kabla kengele ya pili ya ibada haijapigwa.

Jumapili iliyofuata nilirudia somo lile lile kwa vifaa vya karakanani. Mbao ya paini iliyokauka vizuri, ukiipiga randa yenye makali, inatoa maranda marefu, membamba, yamejikunja kama nywele. Nilijaza kiroba, nusu nikayachovya kwenye maji ya binzari ya manjano, nusu kwenye maji ya bitiruti, nikayaanika Jumamosi nzima. Maranda yana tabia moja: ukiyabana yanavunjika. Mtoto ni lazima aliinue moja kwa vidole viwili, alisogeze hadi kwenye tone la gundi, aliachie, asubiri. Akipumua kwa nguvu linaruka. Sikumwambia mtu yeyote anyamaze. Baada ya muda mfupi nikasikia mvua kwenye bati, na ndipo nilipogundua kwamba darasa zima la watoto 26 lilikuwa kimya kiasi cha mvua kusikika. Mtoto mmoja wa kike, wa miaka mitano, alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja ili pumzi yake isiuguse moto.

Nikasimama pale nikaona: hiki ndicho nilichokitafuta, na hakikuwa ndani ya boksi. Ila naomba niwe mkweli kwa upande wa pili pia. Bila boksi nisingefika hapo, kwa sababu mimi mwenyewe kwa miaka yote tisa niliyofundisha nilikuwa nasimulia tu habari ya Musa na kuwapa watoto kalamu za rangi wapake.

Sehemu ya pili ya somo hilo ndiyo bora kuliko zote kwenye boksi, na hapa nawapa sifa zao kamili. Ni viatu. Mtoto anasimama juu ya kipande cha boksi la katoni, mwenzake anamchora mguu kwa kuuzunguka na penseli, wanakata, wanatoboa matundu matatu na kupitisha kamba. Boksi lina uzi wa sufu kwa ajili ya kamba, sisi tulitumia mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa vipande, vikatoka viatu vinavyofanana na katambuga kabisa. Mtoto anavivaa, anatembea hadi mbele ambapo kijiti kimesimamishwa, na kabla hajakifikia anainama na kuvivua. "Vua viatu vyako miguuni mwako." Kazi ya mikono inaishia kwenye tendo la mwili mzima, na tendo lenyewe ni dogo, mtoto wa miaka minne analiweza bila kusaidiwa. Hakuna kuandika, hakuna kukariri.

Wa tatu kwenye foleni alipovua, mwenzake nyuma akapaza sauti: "Kama msikitini!" Majirani zao wa pembeni ni Waislamu na kila Ijumaa anaona viatu vimejaa mlangoni. Mwalimu mwenzangu alinikazia macho. Nilimjibu mtoto kwamba ndiyo, ni kama msikitini, na kwamba jirani yake akivua viatu anasema kwa miguu yake kuwa mahali hapa si kama barabarani. Sikuona sababu ya kulipunguza jambo ambalo mtoto alikuwa ameshaliona vizuri kwa macho yake.

Wiki moja baadaye, mtoto huyohuyo alifika kanisani na mama yake, akavua ndala kizingitini. Mzee wa kanisa aliyekuwa mlangoni akamwambia avae, sakafu ina baridi. Mtoto akasema, "Shikamoo babu," akabaki ameshika ndala mkononi, miguu mitupu juu ya saruji, hasogei mbele wala nyuma. Mzee akanitazama mimi. Sisi Walutheri wa huku hatuvui viatu kanisani, na sikukusudia kuanzisha utaratibu. Yule mzee hakuuliza neno. Aliinama, na magoti yake si mazima, akazichukua zile ndala mbili na kuzipanga ukutani, pua zikitazama nje. Mtoto akaingia.

Kuna jambo la majani ambalo ni lazima nilieleze, maana mwalimu yeyote wa Uchagani anayelitumia boksi hili atakutana nalo. Mwongozo unasema kijiti kinaweza kupambwa kwa "majani yanayopatikana katika mazingira". Nikawatuma watoto wa kipaimara wanaotusaidia wakalete majani. Walirudi na ya parachichi, ya mkahawa, na mmoja akaja na masale aliyoyachuma kwenye mpaka wa shamba. Watoto walishaanza kuyachana vipande. Bibi mmoja aliyekuja kumchukua mjukuu wake akasimama mlangoni.

"Mwalimu," akaniambia, "sale halichezewi."

Kwa msomaji asiye wa huku: sale ni mmea wenye majani marefu unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo, na makaburini, na Mchaga aliyemkosea mwenzake akimpelekea jani la sale anaomba msamaha, na ni vigumu sana kumkatalia. Nilijua haya tangu utoto. Nililelewa nayo. Na bado nilikuwa nimesimama pale na mkasi nikiangalia watoto wakilichana kama gazeti, kwa sababu karatasi ya maelekezo ilisema "majani". Nikamwomba bibi msamaha. Tukayakusanya yaliyobaki mazima, tukayasimamisha kwenye chupa ya maji juu ya meza, na bibi akakaa kwenye benchi la watoto akawasimulia yeye mwenyewe kwa nini jani hili hushikwa kwa mikono miwili. Alitumia dakika kumi. Lilikuwa somo la kicho lililonyooka kuliko lolote nililowahi kufundisha.

Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walipofika Kilimanjaro mwaka 1893 waliwakuta watu ambao tayari walijua kwamba kuna vitu haviguswi ovyo. Watengenezaji wa maboksi ya namna hii wangefanya vema waanzie hapo, kwenye kile ambacho mikono ya watoto inakijua nyumbani. Kurasa za mwongozo zina picha za watoto wenye makoti mazito na kofia za sufu. Maelezo yametafsiriwa, na tafsiri yenyewe ni ya kukwaruza. Mstari mmoja unasema, "Ruhusu watoto kuwa na furaha na gundi." Niliusoma mara mbili nikaelewa kwamba maana yake ni waachie wapake wenyewe.

Sasa sanduku la agano. Tulilifanyia kazi Jumapili tatu, na ndipo useremala wangu ulipogombana na boksi waziwazi.

Wanakupa kadi ya kukunja yenye ukubwa wa kiberiti kikubwa, karatasi ya dhahabu ya kubandika, makerubi wawili waliochapishwa, na mirija miwili ya soda iwe miti ya kubebea. La kwanza: makerubi wanatazama nje, kwa msomaji, wakitabasamu. Kutoka 25 inasema nyuso zao zinaelekeana na zinakitazama kiti cha rehema. Hawakuwekwa pale watazamwe. La pili: mwongozo unaelekeza kwamba baada ya somo uchomoe miti ili sanduku likunjwe na kuhifadhiwa. Sasa ukisoma sura hiyohiyo, mstari wa 15, miti itakaa katika vikuku vya sanduku, haitaondolewa. Ni sharti linaloeleweka kwa fundi yeyote. Miti ikikaa daima, hakuna siku ambayo mtu atalazimika kulishika sanduku lenyewe kwa kiganja ili aiingize tena. Kicho kimejengwa ndani ya kifaa. Nikilitengeneza kabati lenye kioo na kuliwekea kishikio, nimeshaamua mkono wa mtu utapita wapi kwa miaka ishirini ijayo. Wao wamekitoa kishikio.

La tatu ni ukubwa. Sanduku la kiberiti linaingia mfukoni, na kweli, wawili waliyatia mfukoni.

Nikawaambia tutalijenga kwa kipimo. Biblia inatoa dhiraa mbili na nusu kwa urefu, moja na nusu upana, moja na nusu kwenda juu. Nikihesabu dhiraa moja kuwa sentimita 45, inakuja sentimita 112 na nusu kwa 67 na nusu. Tulipima kwanza kwa mikono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, kila mtoto kwa mkono wake, na wakashangaa kwamba dhiraa ya mwalimu ni kubwa kuliko yao. Tukachora kwa chaki sakafuni. Nilikata fremu ya paini nyumbani, wakaifunika kwa katoni na karatasi za kung'aa za kufungia zawadi, kipande kwa kipande. Niliwaletea pia kipande cha mgunga kutoka nyanda za chini wakishike na kukinusa, maana mshita unaotajwa katika Kutoka ni ndugu wa migunga yetu. Kilikuwa kizito kuliko walivyodhani. "Musa alibeba hii?" Hapana, walibeba watu kadhaa, begani, kwa miti.

Na ndani? Msichana mmoja aliniuliza hilo mapema sana, kabla hata fremu haijasimama: "Ndani kuna nini?" Kwa vibao viwili vya amri nilikata plaiwudi, nikawapa msasa namba 120 wavisugue wenyewe, zamu kwa zamu, mpaka mkono upite bila kukwaruzwa. Kwenye jambo hili namkumbuka Friedrich Froebel, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1782 katika nyumba ya mchungaji wa Kilutheri, ambaye aliwapa watoto wadogo mpira na vipande vya mti vilivyochongwa vizuri kwa sababu aliamini mkono wa mtoto unafikiri. Mti uliosuguliwa unamwambia mtoto jambo ambalo karatasi ya kadi haiwezi. Walivisugua kwa Jumapili nzima, na hakuna aliyeniuliza tunamaliza saa ngapi.

Siku ya kulibeba, wanne walishika miti, wengine wakafuata nyuma. Sharti lilikuwa moja: mkono unagusa mti, haugusi sanduku. Sikuhitaji kulirudia. "Usiguse! Shika mti!" waliambizana wenyewe, kwa kunong'ona. Walizunguka darasa mara tatu, hatua fupifupi kama watu waliobeba sufuria la uji wa moto. Habari ya Uza, aliyenyosha mkono akalishika sanduku akafa, sikuwasimulia. Ipo, wataisoma wakikua. Kwa umri huu ingewarudisha kwa yule mgambo wa sokoni, na kazi ya Jumapili tatu ingepotea kwa dakika moja.

Katika masomo yote 12, boksi halimtaji Bezaleli, fundi aliyelitengeneza sanduku, hata mara moja, na hilo limenisikitisha. Kutoka 31 inasema Mungu alimwita kwa jina, akamjaza roho yake kwa hekima na ujuzi wa kazi ya kila aina, kukata vito, kuchora miti. Utamfundishaje mtoto kicho kwa kazi ya mikono halafu umwache fundi mwenyewe? Niliwasimulia mimi. Mtoto mmoja akauliza kama Bezaleli alikuwa na randa.

Maserafi wa Isaya ni somo zuri lililoharibiwa na mapambo. Mabawa sita ya karatasi, mawili yanafunika uso, mawili miguu, mawili ya kuruka. Kukunja bawa la karatasi juu ya uso wa malaika ni kazi yenye maana, mtoto anaiona inavyofungwa. Tatizo, wameweka kwenye somo hilo mifuko miwili ya unga wa kumetameta. Ule unga uliingia machoni mwa watoto watatu, nikakatisha somo kuwaosha, na mpaka leo unauona kwenye mabenchi. Niliurudisha kwenye boksi. Jumapili iliyofuata tulikunja mabawa matupu, meupe, na ndipo mazungumzo yakaja. Nikauliza kwa nini serafi anaficha uso. Mmoja akasema ana aibu. Mwingine akasema amelia. Yule mtoto wa kike aliyeziba mdomo siku ya maranda akanyoosha mkono, akauweka juu ya macho yake kama tunavyofanya asubuhi jua linapopiga theluji ya Kibo, akasema, "Si kwa sababu kunang'aa?" Sikuongeza kitu.

Taji nilibadilisha kabisa. Mtoto anatengeneza taji la dhahabu, anaandika jina lake, anavaa. Wote 26 wakawa wafalme na wakaanza kuamrishana. Nilisubiri wafurahi, halafu nikawasomea Ufunuo 4, wale wazee 24 wanaozitupa taji zao mbele ya kiti cha enzi. Tukaziweka mezani, moja moja, kila mtu akiiweka ya kwake. Wawili walikataa, nikawaacha wakaondoka nazo kichwani. Mmoja wao aliirudisha baada ya ibada, imeshakunjika, akaiweka juu ya nyingine.

Njuga za vazi la kuhani zilikwenda vizuri, ingawa vikengele vya boksi havilii, tukatoboa vizibo vya soda kwa msumari. Upinde wa mvua na kondoo wa pamba ni vilevile mlivyovifanya nyote. Samweli na taa yake, sawa, nzuri, fupi.

Vifaa. Mikasi iko mitatu tu kwa watoto 10, na ni butu kiasi kwamba haikati manila, inaitafuna. Watu hudhani mkasi butu ndio salama kwa mtoto. Kinyume chake, mtoto akilazimika kubana kwa nguvu, ndipo unapoteleza. Niliinoa kidogo kwa jiwe na kukaza riveti, ikawa afadhali, ila watoto wawili wanaotumia mkono wa kushoto bado hawaiwezi. Gundi ilikauka ndani ya chupa kufikia Jumapili ya tatu. Tangu hapo tunapika wenyewe: kikombe kimoja cha unga wa ngano, vikombe vitatu vya maji, unakoroga unga kwa maji baridi kwanza ndipo uweke motoni, moto mdogo, mpaka iwe kama uji mzito, na chumvi kidogo. Inakaa siku tatu kisha inachacha. Wakati wa masika haikauki upesi, kwa hiyo kazi iliyobandikwa ilibaki darasani wiki nzima, jambo ambalo liligeuka kuwa baraka, maana watoto walikuwa wanafika na kwenda moja kwa moja kuiangalia.

Na stika. Kila somo lina stika ya nyota ya kumpa mtoto "aliyetulia mbele za Mungu". Hizo sikuzigawa, na ningewaomba wenzangu msizigawe. Mtoto akitulia kwa ajili ya nyota ametulia mbele ya nyota. Ni kosa kubwa kuliko la mikasi, kwa sababu mkasi unaweza kuunoa.

Wazazi wengi wameuliza kazi hizi ziende wapi baada ya kufika nyumbani. Boksi halisemi lolote. Nimewaomba wasizitupe mbele ya mtoto, na kama hapana nafasi wazirudishe kwetu. Mama mmoja ameniambia viatu vya katoni viko chini ya kitanda, vimepangwa, na haruhusiwi kuvisogeza anapofagia.

Mwenye darasa la watoto 10 au pungufu, na muda wa kujiandaa Jumamosi, anunue. Kwa somo la viatu peke yake hela imerudi. Mwenye darasa kubwa achange na usharika wa jirani, wanunue moja, wachukue violezo tu, na vifaa vingine wavitafute kwa fundi cherehani, kwa seremala na jikoni. Asiyekuwa na muda wa kujiandaa asilinunue. Ataishia kwenye zile dakika sita. Kwa watengenezaji, nimeomba mambo manne: mikasi ya kukata kweli, sanduku ambalo miti yake haichomoki, stika zitoke, na mwongozo uandikwe upya na mtu anayefundisha watoto kwa Kiswahili.

Tumemaliza masomo tisa. Jumapili ijayo tunaanza pazia la hema. Karatasi za krepu zilizomo kwenye boksi zinachuja rangi zikiguswa na gundi ya unga, kwa hiyo tutashona kwa vipande vya vitambaa. Fundi cherehani wa jirani yangu ameshanipa vya samawi na vya zambarau, kiroba kizima. Vyekundu bado natafuta.